Kijani cha Morris ya Boeta Igsaan

Mimi ndiye niliyeshona gauni la Rugaya, kwa hiyo nina haki ya kulisimulia jambo hili. Shanga za kifuani nilizitia moja moja kwa mkono mpaka macho yakawa yananitoka maji. Halafu Jumamosi ya harusi namwona bibi harusi wangu anachomolewa kwenye gari lililojaa moshi, mkia wa gauni unaburuzwa kwenye lami. Nilitaka kumkaba mtu. Na wa kumkaba tulishaonyeshwa: Armien, fundi umeme, mjomba wa bibi harusi mwenyewe. Aliyemnyooshea kidole ni baba wa bibi harusi, Boeta Igsaan.

Boeta ni kaka, na hapa mtaani kwetu Salt River mwanaume mwenye mvi humwiti jina tupu. Huyu wetu anaipenda heshima hiyo kuliko chai. Maisha yake yote alipiga vanishi kabati katika kiwanda cha samani, na mkono wake ni mzuri, sitamnyima haki. Lakini hakosei. Chai ikimwagika, meza imekaa vibaya. Akichelewa msikitini, muadhini kawahi. Mkewe Mymoena alishachoka kubishana naye zamani sana, siku hizi anasema tu "ndiyo baba" na kuendelea na sufuria zake.

Hiyo Morris, gari la kizamani, aliachiwa na marehemu baba yake. Ilikaa uani chini ya turubai, paka wakizalia humo, mpaka Rugaya alipochumbiwa. Siku hiyo Boeta Igsaan akaapa kwamba mwanawe atatoka nyumbani kwa gari la babu. Injini ikapelekwa kwa mafundi, ikafunguliwa yote, ikatiwa pistoni mpya na kila kilicholika, ikarudi chuma kitupu. Kupaka rangi akasema ni kazi yake, asiiguse mtu.

Zamani fundi mmoja mpita njia aliwahi kuipaka rangi ya fedha, na jambo hilo lilimuuma Boeta Igsaan kama vile katukanwa mzee wake. Alitaka rangi iliyotoka nayo kiwandani. Akang'oa kile kibati cha namba kilichopigwa ribiti ubavuni mwa injini, na chini yake akakuta kipande cha kijani ambacho hakijaona jua tangu gari liwe jipya. Alikwenda na kibati chake duka la rangi, kakifunga kwenye leso. Mchanganyo wa kwanza akaukataa, una bluu. Wa pili akasema ni ukuta wa hospitali. Yule msichana wa dukani nusura alie. Mwishoni ikapatikana, kijani kizito cha jani la mpera lililokomaa, na kila nilipokwenda kumpima Rugaya nilikokotwa kwanza uani.

"Dada Faldiela, njoo utazame. Umeona alama ya brashi hapo?"

"Sijaona, Boeta."

"Huwezi kuiona. Haipo."

Alhamisi Armien akaja kuunga nyaya. Ni mdogo wake Mymoena, mtu mpole, nusu ya nyumba za mtaa huu taa zake zimepita mikononi mwake. Alipotoa kisu na kuanza kukwangua ubavuni mwa injini, Boeta Igsaan aliruka.

"We! Unafanya nini?"

"Nakwangua, shemeji. Waya huu ndio njia ya umeme kurudi kwenye betri. Lazima ukae juu ya chuma. Rangi haipitishi."

"Na bolti je? Bolti si chuma?"

"Niachie tu hapa padogo, shemeji."

Akakwangua, akafunga, akawasha. Injini ikaitika mara moja, Mymoena akapiga vigelegele kutoka jikoni. Armien akanawa mikono akaenda zake.

Lakini pale padogo palibaki panang'aa. Kuuzunguka ule waya kulikuwa na duara la chuma kitupu, pana kama kifungo cha koti, katikati ya kijani chote kile. Boeta Igsaan alikuwa amepanga kuinua boneti mbele ya wageni. Kifungo hicho kilimnyima raha. Ijumaa jioni, watu wote wakiwa kwenye vyungu vya breyani, biriani yetu ya harusi, Mymoena alimwona anapita na brashi.

"Si ulishamaliza?"

"Nagusagusa tu."

Alifungua bolti, akautoa waya, akapaka pale penye kifungo mara mbili, na bolti nayo akaipaka, kisha asubuhi akarudisha kila kitu mahali pake. Ilipendeza. Hakumwambia mtu.

Jumamosi bwana harusi alipotoka kufungishwa ndoa msikitini, mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Boneti iko juu, utepe mweupe umefungwa, wazee wanainama kutazama injini na kutikisa vichwa. Boeta Igsaan alisimama hapo kapanua kifua kama yeye ndiye anayeolewa. Akafunga boneti, Rugaya akaingizwa kiti cha nyuma, mimi nikakunja mkia wa gauni vizuri nikaufuatisha ndani. Akavuta choki, kile kitufe cha kuamsha injini ya baridi, akazungusha ufunguo.

Tk.

Akazungusha tena, akashikilia. Ule waya wa choki ukaanza kutoa moshi, mara kitufe chake kikamuunguza vidole, na harufu ya plastiki ikajaa humo ndani. "Tokeni!" Rugaya akavutwa nje anakohoa, wanja unamtiririka.

"Armien!" Boeta Igsaan alipiga kelele. "Nilikuita uunge nyaya, sikukuita umchome mwanangu! Fundi gani wewe? Fundi wa kubahatisha! Miaka yote unaingia kwenye nyumba za watu na huo ujinga wako!"

Armien alivua koti la harusi, akamkabidhi mkewe, akainua boneti na kung'oa waya wa betri. Kisha akainama. Akakaa ameinama muda, anatazama mahali pamoja. Akatoa kisu.

Sauti ya kisu juu ya chuma tuliisikia sote. Mimi nilikuwa karibu, nikaona vigamba vya kijani vikianguka, na nikaona uso wa Boeta Igsaan. Ulikuwa umempauka. Wakati ule sikuelewa, nilidhani ni uchungu wa mwanawe.

Armien akakaza bolti, akainuka.

"Ililegea," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Sikuikaza vizuri. Kosa langu, mnisamehe."

Gari likawaka palepale. Rugaya akarudishwa ndani, Boeta Igsaan akashika usukani akaendesha mpaka ukumbini.

Ukumbini utani ulikuwa mmoja tu. "Armien, usikiguse kipaza sauti, tutaungua!" "Armien, breyani hii umepika wewe? Inanuka waya!" Alicheka pamoja nao. Kisha binamu mmoja wa familia, aliyekuwa amempa kazi ya kutia umeme nyumba yake mpya, akasema mbele ya meza nzima kwamba atatafuta mtu mwingine, yeye ana watoto wadogo. Armien akasema hapana neno. Baada ya muda nikaona viti vyao viwili viko wazi, yeye na mkewe.

Boeta Igsaan alikuwa ameviona pia. Sahani yake ilikuwa imejaa kama ilivyoletwa. Mymoena akamwuliza kama anaumwa, akasema ndiyo. Akanyanyuka, tukadhani anakwenda kutapika, kumbe anakwenda kwenye kipaza sauti.

"Nisikilizeni," akasema. "Bolti haikulegea. Armien alikwangua rangi, mimi nikapaka tena juu yake. Ijumaa, kwa mkono wangu. Aliniambia rangi haipitishi umeme, sikumsikiliza, na umeme ulipokosa njia ukapita kwenye waya wa choki. Niliona panatia aibu pale. Na leo mlipokuwa mnamcheka, nilijua. Nimejua tangu alipotoa kisu, na nimekaa hapa nakula... sikula, lakini nilikaa."

Yule binamu alitazama meza. Rugaya alinyanyuka na gauni lake lote, akampokonya baba yake kipaza sauti taratibu.

"Sasa nenda kamwambie mwenyewe, baba."

Mymoena akamtwika kifurushi cha keki, barakati wanayopewa wageni wa harusi kwenda nayo nyumbani, na mimi nikaambiwa nimfuate asije akageuka njiani. Alitembea kama mgonjwa. Mara mbili alisimama. "Dada Faldiela, nitaanzaje?" Nikamwambia hilo siwezi kumfundisha, mimi ni fundi cherehani.

Armien alifungua mlango akiwa na fulana ya ndani.

"Nimewaambia wote," Boeta Igsaan akasema.

"Nimesikia. Simu zimelia."

"Kwa nini hukusema pale pale? Uliona rangi mbichi. Ungenivua nguo, ilikuwa haki yako."

"Mbele ya Rugaya?" Armien alikunja uso kana kwamba swali lenyewe halina akili. "Mtoto anatoka kwao, shemeji. Aondoke anamwonea haya baba yake? Nikasema akimwonea haya mjomba, inatosha."

Boeta Igsaan alikibana kile kifurushi kifuani mpaka nikasikia keki zinapondeka. Akasema nisamehe. Nimekaa jirani naye tangu nimeolewa na sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Lilitoka kwa shida, akalirudia ili litoke vizuri.

"Yameisha. Ingia ndani."

"Naona haya kuingia."

"Basi kaa hapo hapo, nikuletee chai."

Akakaa kizingitini na suti yake ya harusi, wageni wakirudi kutoka ukumbini wakimpita, na kila aliyepita alimsalimia, na kila salamu aliiitikia akiwa ameinamisha kichwa.