Wiki Niliyotangaza Kwamba Nitawaroga Wote

Katika Ekegusii, lugha yetu sisi Wakisii, hakuna L. Tuna R, na hiyo R tunaitumia kwa moyo wote. Nilipokuwa shule ya msingi kule Birongo, mwalimu akisema tutoe kalamu, nusu ya darasa ilikuwa ikitoa karamu, na tulipoitwa jikoni jioni hatukwenda kula bali kura. Hakuna aliyeona ajabu. Nilipofika Nairobi chuoni ndipo nilipochekwa, nikachekwa tena, mpaka nikajifunza kuupeleka ulimi nyuma ya meno na kuitoa L safi kama ya mtangazaji wa redio. Lakini L ya kujifunza ni kama kiatu cha kuazima: ukianza kukimbia, inakuvuka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipata kazi ya majaribio ya miezi mitatu katika shirika moja la wakulima wa chai. Ofisi zilikuwa mjini Kisii, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia ya Kihindi. Kulikuwa na kompyuta ishirini na mbili kwenye korido moja ndefu, na nyingine kubwa, ile tuliyoiita seva, ambako hizo zote zilichota faili zake. Seva iliwekwa kwenye chumba kisicho na dirisha kilichokuwa stoo ya mifagio. Humo ndimo nilimokaa na mimi. Mifagio haikuwa imehama yote.

Jumatatu moja meneja aliniita kabla ya kusafiri kwenda Nairobi kwa wiki nzima. Kulikuwa na programu mpya ya kuandikia barua na kutunza orodha za wakulima, na alitaka iwe kwenye kila kompyuta kabla ya wiki kuisha.

"Ijumaa jioni zote ishirini na mbili zikiwa zinafanya kazi, umeajiriwa," alisema. "Hata moja ikibaki, Jumatatu nakuja na fundi wa Nairobi, na wewe utatafuta kwingine."

Nilisema sawa. Nilitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sioni haya kusema hivyo. Ila Ijumaa jioni ya pale haikuwa jioni ya mahali pengine. Wengi wetu tulikuwa Waadventista. Sabato huingia jua linapozama, na mtu anayekaa mbali anataka awe ameshafika, ameoga na kupika kabla ya hapo. Kufikia saa kumi ungempata mlinzi peke yake.

Njia ya kawaida ilikuwa disketi kumi na moja kwa kila kompyuta, unaingiza moja, unangoja, unatoa, unaingiza nyingine. Mimi nilikuwa na njia bora, na nilijipenda sana kwa kuwa nayo. Ningeiweka programu kwenye seva mara moja tu, kisha niandike mistari michache ya maagizo. Mtu akilogi, yaani akiandika jina lake na neno lake la siri ili seva imfungulie, seva ingeangalia kama kompyuta yake ina programu mpya. Ikiwa haina, ingeimwagia yenyewe. Mimi nisingeinuka kwenye kiti. Tatizo ni kwamba pale hakuna aliyekuwa akilogi. Walizoea kuwasha mashine, kubonyeza kitufe cha kukataa, na kuendelea na barua zao. Ilibidi niwafundishe neno lenyewe.

Jumanne asubuhi nikasimama mbele ya ofisi nzima. Sikuwa nimewahi kuhutubia watu wengi hivyo, na L zangu zote zikatoroka.

"Ijumaa asubuhi nitawarogi wote!" nilisema kwa furaha. "Sitaingia ofisini kwa mtu. Nitakaa kwa chumba changu na kila mmoja atarogiwa akiwa kwa kiti chake. Ukisharogi, usiguse kitu. Kompyuta itaanza kufanya mambo yenyewe!"

Baadaye sana mtu wa Mombasa aliniambia kwamba kwao wengine husema kuloga badala ya kuroga, kwa hiyo hata ningeishika ile L kwa mikono miwili nisingepona. Siku ile nilisikia tu karani wa mizani akiuliza kutoka nyuma, "Na sisi wenye haraka, unaweza kuturoga Aramisi?"

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Nilicheka na mimi mpaka machozi. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimeshabatizwa. "Mrogi wetu, umeamkaje?" "Mrogi, printa imekwama, hebu iondolee." Na mimi nilifurahi, kwa sababu kwa miezi miwili na zaidi nilikuwa tu yule msichana wa kompyuta, na mtu asiyepewa jina la utani bado ni mgeni.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa katibu wa meneja, mwanamke wa umri wa mama yangu, wa upande wa Nyacheki, shemasi kanisani kwake. Hata meneja alimwita Mama. Kompyuta yake aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na kibodi ilikuwa na kitambaa chake kidogo cha rangi ileile. Barua za maana aliendelea kuzipiga kwa taipureta, iliyokaa karibu naye zaidi. Jumatano alipita mlangoni pangu bila kunisalimia, nami nikajiambia ana haraka.

Alhamisi nilifanya jaribio. Nikaketi mbele ya seva nihesabu kompyuta zinazoonekana. Kumi na moja. Nikahesabu tena. Kumi na moja. Mtandao wetu ulikuwa waya mmoja uliotoka kompyuta hadi kompyuta kuanzia mwanzo wa korido hadi mwisho, hivyo ukikatika katikati, wote walio ng'ambo ya pale wanapotea. Niliufuata ule waya chumba kwa chumba nikipiga magoti chini ya meza, mpaka nikatokea kwa Mama.

Waya ulikuwa umechomolewa pande zote mbili na kukunjwa vizuri. Plagi ya umeme nayo ilikuwa nje. Kitambaa kilikuwa juu ya kompyuta, na juu ya kitambaa kulikuwa na kitabu cha nyimbo.

"Mama, waya umetoka," nilisema.

"Haujatoka. Nimetoa."

"Bila huu waya, ofisi zote za upande ule hazipati kitu."

"Basi zikae bila."

Mimi nina hasira za karibu, nimerithi kwa baba. Nilimwambia kwamba haya ni mambo ya kisasa, si ya kuogopwa, na kwamba mtu mzima kama yeye hapaswi kuzuia maendeleo kwa sababu ya imani za kijijini. Alinitazama juu ya miwani.

"Nani amekuambia naogopa?" alisema, akageukia taipureta yake.

Nilirudi stoo nikapiga ufagio teke. Ningeweza kuuunganisha ule waya nikimruka yeye, lakini hapo ningekuwa na ishirini na moja, na meneja alisema ishirini na mbili. Isitoshe, iliyobaki ingekuwa ya katibu wake mwenyewe. Usiku huo nililala vibaya nikiwaza jinsi nitakavyomwambia mama yangu kwamba kazi imeisha.

Ijumaa nilifika mapema nikiwa na kichane cha ndizi mbivu kutoka nyumbani na kiburi kilichopungua. Nilibisha kwa Mama, nikaweka ndizi mezani, nikaomba msamaha kwa maneno ya jana. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Keti. Wewe ni mtoto wa kwetu?"

"Ndiyo, Mama. Wa Birongo."

"Basi hiyo neno unaijua." Alivua miwani. "Mimi nimeona mama wa watu akifukuzwa kwa boma yake juu ya hiyo neno. Ilianza tu hivi, kama mchezo. Watu wakacheka. Halafu ng'ombe ya mtu ikakufa, na hakuna mtu alicheka tena. Sasa wewe umesimama mbele ya watu wote umejiita mwenyewe. Kesho mtoto wa mtu akigonjeka, watakumbuka nini? Mimi siogopi kompyuta, mwanangu. Naogopa hiyo jina ikushike."

Tangu jana nilikuwa nimemwona mshamba, kumbe katika ofisi nzima ni yeye peke yake aliyenisikiliza neno kwa neno. Niliona aibu, na chini ya aibu nikasikia raha ambayo sikuitarajia, raha ya kujua kwamba kuna mtu mzima aliyekuwa akinilinda bila kuombwa.

"Na kwani hiyo kitu inafanya nini?" aliuliza, akimenya ndizi.

Nikamweleza polepole. Unafika kwenye mlango wa seva. Unataja jina lako. Unasema neno lako la siri. Seva ikikutambua inakufungulia, na inakupa kilicho chako.

Aliacha kumenya.

"Yaya!" alisema, neno letu la kukataa. "Hiyo si ni kubisha hodi tu?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Miaka miwili ya chuo, na hakuna mwalimu aliyewahi kuieleza vizuri hivyo. "Ndiyo, Mama," nilisema. "Ni hodi."

Hapo hapo aliingiza karatasi kwenye taipureta na kupiga tangazo. Bado nalikumbuka: "KWA WAFANYAKAZI WOTE. Leo kuanzia saa nne kila mtu atabisha hodi kwa kompyuta yake, ataje jina na neno lake la siri. Akishakaribishwa asiguse kitu. Na dada wa kompyuta ana jina lake. Aitwe kwa hilo." Alilipeleka mwenyewe mlango kwa mlango. Sijui aliwaambia nini humo ndani, lakini tangu asubuhi ile hakuna aliyeniita mrogi tena. Mimi nilikuwa chini ya meza yake, nikirudisha waya.

Saa nne kamili, jina la kwanza likatokea kwenye skrini ya seva. Kisha la pili. Waya ule ulikuwa mwembamba, ukiwapa watu wanne kwa pamoja unahema, basi Mama alisimama katikati ya korido akipanga foleni kwa sauti ya kanisani. "Ofisi ya mizani, bado! Hodi yenu ni saa tano!" Haikupita muda watu walikuwa wakibisha hodi kwa kelele kabisa. Mtu anapiga kibodi na kuita "Hodi!" na vyumba vingine vinajibu "Karibu!" Programu ikiisha kuingia, mwenye kompyuta anapiga makofi, na jirani zake wanaacha kazi kwenda kuona.

"Mimi nimebisha na sifunguriwi!" alilalamika karani wa mizani.

"Umeandika jina lako bila L!" nilimjibu kupitia ukutani, maana lilikuwa nayo moja. Korido nzima ilimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote, na sikuwa na haki hiyo hata kidogo.

Kumi na tano. Kumi na nane. Saa nane hivi, mawingu yakaanza kujaa juu ya milima, na kule kwetu radi si kitu cha kujaribu. Ngurumo ya kwanza ikilia, kila mtu huchomoa plagi, na anayesubiri ya pili huonekana mpumbavu. Ishirini na moja zilipotimia ilikuwa imebaki ya Mama, ambaye alikuwa amesema yake iwe ya mwisho. Alitoa kitabu cha nyimbo, akakunja kitambaa, akaandika jina lake kwa kidole kimoja ingawa kwa taipureta alitumia vyote kumi.

Mstari wa bluu kwenye skrini yake ulikuwa umepita nusu ngurumo ilipolia. Nilisikia plagi zikitoka ukutani korido nzima, ila ya seva niliiacha, na baada ya muda mfupi wote walikuwa wamejazana mlangoni pake. Mama aliinama akashika plagi yake.

"Chomoa tu, Mama," nilisema, na moyo uliniuma nikisema hivyo. "Mashine itaungua."

Alibaki ameinama, mkono kwenye plagi, macho kwenye mstari. Ngurumo ikalia tena, karibu zaidi. Robo ikabaki. Upana wa kidole kimoja ukabaki. Mstari ukafika mwisho, dirisha jeupe la programu mpya likafunguka, mtu mmoja akapiga kelele "Karibu!", na Mama akachomoa.

Sijui nani alianza kuimba, ila tuliimba. Nilikumbatiwa na watu ambao hata salamu tulikuwa tukipeana kwa mkono tu. Mvua ikaja kwa nguvu juu ya mabati, na tukaimba juu yake.

Ilipopungua, watu walichukua mifuko yao wakaanza kushuka ngazi. Mama alibaki. Alifungua droo ya chini kwa ufunguo, akatoa bahasha mbili, akaniambia nikae.

"Meneja ariniachia hizi Jumatatu," alisema, na L zake nazo zilikuwa zimetoroka. "Ametia sahihi zote. Arisema leo nikupe moja."

Alifungua ya kwanza akanionyesha. Ilikuwa ya kunifukuza. Sikumaliza kuisoma, aliichukua mkononi mwangu, akairarua mara mbili, akaitupa kikapuni. Kisha akanisogezea ya pili, ya kuniajiri.

"Hii," alisema, "ndiyo niripiga kwanza."