Ishirini ya Kubembeleza

Hii hadithi hakuna mahali natokea nikiwa mjanja, kwa hivyo usingoje. Nilikuwa broka wa mbuzi soko ya Nuu, kijana wa mdomo, shule nimeachia darasa la saba, na miaka mitatu kwa ndoa bila mtoto. Wanawake wa rika ya bibi yangu walikuwa wanaitwa mama fulani. Yeye bado alikuwa anaitwa "huyo wa Kikima."

Mwaitu, yaani mama yangu, alikuwa ameshaamua: bibi arudishwe kwao, nitafutiwe mwingine wa kuzaa. Pasta ndiye alimzuia kidogo. Alisema kwanza mwanaume apimwe. Mimi nikacheka. Kupima ilikuwa kazi yangu. Beberu nilikuwa namshika kutoka nyuma, naweka makende kwa kiganja, namwambia mnunuzi, "Huyu atakujazia boma," na ananiamini, mjinga mwenzangu.

Kwa zahanati nilipata daktari mwembamba, amechoka mpaka kwa kola. Akatoa kamba ya shanga za mbao, ndogo mpaka kubwa, kila moja na namba yake. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Mkono mmoja unashika shanga, mkono mwingine unashika mtu, macho yanaangalia dari, kama mama anachagua maembe akiongea na jirani.

"Kumi na tano," akasema.

"Daktari, hujashika vizuri. Ongeza."

"Hapa si soko, kijana."

"Jaribu tu hiyo inafuata. Hata mimi ni mtu mzima."

Nje kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto wanakohoa. Akaniangalia, akaangalia mlango, akaandika ishirini kwa kadi ili nimwondokee. Nikatoka nikiwa nimeshinda bei.

Hiyo kadi nilitembea nayo soko nzima. Nyumbani nikamsomea bibi.

"Hiyo namba inamaanisha nini?" akauliza.

"Inamaanisha shida ni wewe."

Mwaitu alituma habari Kikima, kwao bibi, siku hiyo hiyo.

Baba mkwe akaja Jumamosi kuchukua msichana wake. Ni mzee wa kanisa, mfugaji, haongei haraka. Akavaa miwani, akasoma kadi mbele na nyuma.

"Mwaka juzi nilinunua beberu kwa hii soko yenu," akasema. "Kubwa sana. Kijana aliyemuuza alimpima kwa mkono."

"Na ako?" Mwaitu akauliza.

"Ako. Anakula tu."

Akasema hawezi kurudisha mtoto wake na karatasi kama hiyo. Twende mimi na bibi hospitali kubwa ya misheni, huko Makueni, karibu na barabara ya Mombasa. Yeye angengoja hapo kwetu mpaka tujue.

Huko daktari mzee alisoma ishirini, akauliza, "Ulipimwa na nani, fundi wa nyumba?" Shanga alizidharau kabisa. Alisema mtu wa shanga anahesabu mpaka ngozi na kila kitu kiko karibu. Yeye alikuwa na chuma cha kubana, kama cha fundi wa pikipiki. Akapima urefu, akapima upana, akazidisha kwa karatasi, akafuta, akazidisha tena. Kumi na mbili. Kisha nikapelekwa kwa kijana wa mashine ya picha, na yeye akadharau chuma cha mzee. Akanipaka jeli baridi, nikaona kwa kioo kitu kama maharagwe kwa ukungu. Kumi.

Watu watatu wamesoma kuliko ukoo wetu wote, kitu ni ile ile, haijatembea mahali, na kila anayekuja na mashine kubwa anaipunguza. Ningelala huko wiki moja ningerudi nyumbani bila chochote.

Halafu wakanipa chupa. Ya chupa siwezi kuelezea.

Daktari mzee alituita sisi wawili, mimi na bibi. Akaniuliza kama nikiwa kijana niliwahi kufura mashavu. Nikasema ndiyo, nikiwa na miaka kumi na minane, mashavu yakafura na huko chini pia, nikatembea wiki mbili kama bata na wenzangu wakinicheka.

"Huo ugonjwa ulikukausha," akasema. "Mbegu hakuna kwa chupa, hata moja. Hizo namba zilikuwa za kutuonyesha tu mahali pa kuangalia. Bibi yako tumempima, hana shida."

Huyo sikumwambia aongeze.

Tulifika nyumbani siku iliyofuata. Mwaitu alikuwa ameshafunga vitu vya bibi kwa leso na kuziweka mlangoni. Baba mkwe alikuwa ameketi kando yake. Nikamwambia Mwaitu ni mimi. Ilibidi niseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alijifanya anachambua pojo.

"Mashine yao imeharibika," akasema.

"Haijaharibika, Mwaitu. Ni mimi."

Baadaye sana akachukua ile leso akairudisha ndani, akamwambia bibi, "Basi kaa, mwanangu." Nikaona mambo yameisha vizuri. Nikamfuata bibi jikoni, nikamwambia, unaona, nimekuokoa.

Alikuwa anapuliza moto. Hakugeuka.

"Wewe umepimwa mara tatu," akasema. "Mimi hakuna mtu ameniuliza kama nataka kukaa. Sasa ndio nafikiria, na usiniharakishe."