Mume Aliyefia Kwenye Warsha

Kaka yangu alifariki siku ya Alhamisi, jioni, katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa karakanani kwake anachomelea geti la mtu, mzima wa afya, na hakuna aliyemwarifu.

Aliyemuua ni mke wake, yaani wifi yangu, mwanamke ambaye hajawahi kumkaripia hata paka. Anafanya kazi ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Kutwa nzima watu wanamfokea kupitia kitundu cha kioo kana kwamba mabomba aliyapasua yeye. Anaandika, anagonga muhuri, anasema pole, nitalifuatilia, na la ajabu ni kwamba hulifuatilia kweli. Kwa sababu hiyo ofisini wanamwona ana kasoro.

Basi wakaja wanafunzi watatu wa chuo kikuu kutuletea warsha ya uandishi bunifu mle maktabani, kila Alhamisi jioni. Sisi hatukuwa tumeagiza, lakini kumbe jamii ilikuwa na uhitaji mkubwa. Kiongozi wao tulimwita Miwani, kijana wa adabu, anayeongea kwa sauti ya chini kama yuko wodini. Akatugawia kalamu za rangi, akatuambia tuandike pale panapouma. Mimi nilikwenda kwa ajili ya chai. Wifi yangu alikwenda kuandika, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akilitamani jambo hilo tangu usichana wake.

Kinyozi akaandika jinsi mama yake alivyokata roho. Wanafunzi wakafuta machozi, wakaalisha vidole badala ya kupiga makofi, maana huko chuoni makofi yamepitwa na wakati. Muuza viatu akaandika juu ya moto ulioteketeza kibanda chake, vidole tena. Wifi yangu akaandika anavyofurahi Jumamosi asubuhi akifua mapazia na nyumba nzima ikinukia sabuni. Hakuna kidole kilichoalika. Miwani akainamisha kichwa, akasema ni nzuri, ila anahisi kuna kitu anakificha. Mwanamke wa watu akarudi nyumbani, akajikagua pande zote asione kidonda. Wazazi wake wako hai, mumewe hanywi, watoto wanasoma. Kwa ufupi, maisha yake hayakukidhi vigezo.

Wiki iliyofuata ndipo alipomzika kaka yangu. Homa tu, ya ghafla. Nilikuwa nimekaa kando yake, na niliposikia "marehemu mume wangu" nusura nimwage chai. Lakini chumba kizima kililia, na Miwani alilia kuliko wote. Akatangaza kwamba siku ya kufunga warsha, mbele ya wahadhiri na familia zetu, wifi ndiye atakayesoma wa mwisho.

Nilimwambia abadilishe, amuue mjomba wake mmoja, anao wa kutosha. Akakataa.

"Wifi, miaka yote naandika shida za watu," aliniambia. "Hiki nimekiandika mimi, ni changu. Siwezi kukivunja."

Nikamuuliza, na kaka je? Akasema hatakuja, mambo ya ukumbini hayapendi. Siku ilipofika, kaka yangu alipiga shati pasi mara mbili, akafunga karakana mapema, akafika wa kwanza.

Mlangoni Miwani akamuuliza amekuja kumsikiliza nani. Kaka akamtaja mkewe, akasema yeye ndiye mume. Kijana akamshika mkono kwa mikono miwili, akamtazama kwa huruma ya kitabuni, akamwambia si kila mwanamume angeweza kuishi na kivuli cha aliyemtangulia. Miwani yote ile na bado hakuona. Kaka akaja kukaa karibu yangu, akaniuliza kwa kunong'ona kama mkewe aliwahi kuolewa kabla. Nilifungua mdomo, na papo hapo tukaombwa utulivu, wifi alikuwa keshasimama.

Alisoma juu ya mwanamume aliyekuwa akikohoa nje ya mlango kila jioni kabla ya kuingia, kwa sababu mkewe ni mwepesi wa kushtuka. Aliyekuwa akimenya chungwa, akampa mkewe vipande visivyo na mbegu, akadai yeye anapenda vyenye mbegu. Aliyebadilisha upande wa kulala walipohama nyumba, ili yeye ndiye awe karibu na mlango. Akasoma kwamba yeye mke hakuwahi kumwambia mumewe hata neno moja la haya, kwa sababu alidhani muda upo.

Nikamtazama kaka. Mtu huwa hajioni anavyoishi. Alikuwa akisikia habari za mwanamume mwingine, aliye bora kuliko yeye, na uso wake ulikuwa unaporomoka taratibu. Nilimhurumia mpaka nikakosa la kukejeli.

Vidole vikaalika. Mhadhiri akauliza kama kuna swali, na kaka yangu akasimama.

"Huyo marehemu, mimi sikuwahi kuambiwa habari zake," alisema. "Sina neno baya naye. Nataka kujua tu, mimi ulinichukua kwa kuwa yeye hayupo?"

Wifi angeweza kukwepa. Wahadhiri walikuwa wanaandika, Miwani anang'aa. Angesubiri wafike nyumbani amweleze polepole, na sifa zote zibaki zake. Akakunja karatasi.

"Hajafa mtu," alisema. "Nilidanganya. Niliambiwa niandike panapouma, nikatafuta nikakosa, nikawaza ingekuwaje ukifa. Ni wewe. Wewe ndiye unayekohoa mlangoni."

Ukumbi mzima ukaona aibu. Miwani akavua miwani yake, akaifuta, kana kwamba kosa lilikuwa la vioo. Kaka alibaki amesimama, ameshika kiti cha mbele yake.

"Mimi nakohoa?" akaniuliza mimi.

Nikamwambia kila siku, mtaa mzima tunajua.

Akakaa, akapitisha kiganja usoni.

"Basi soma tena toka mwanzo," akamwambia mkewe. "Mara ya kwanza nilikuwa namwonea wivu, sikusikia vizuri."