Paa la Madebe Shambani kwa Bwana Miwani

Wakonyo alizikwa Jumatano, na Alhamisi asubuhi kengele ya shamba ilipolia, mama yake alitakiwa awe kwenye mstari na kikapu chake kama wanawake wengine. Mtoto alikuwa wa miezi saba. Mama yake, Nyaguthii, alikuwa amemlaza chini ya kibanda cha gunia kando ya shamba la pareto, akaenda kuchuma maua. Mvua ya mawe ikashuka ghafla kutoka mlimani, na kabla Nyaguthii hajafika kutoka upande wa pili wa shamba, gunia lilikuwa limepeperuka. Kichomi kikamshika mtoto. Hakumaliza siku tatu.

Gunia la pili, hatua tano kutoka pale, lilikuwa la Nekoye. Chini yake alilala Sellah, binti yake. Gunia hilo halikung'oka. Nekoye hakujua kwa nini Mungu alichagua hivyo, wala hakuthubutu kuuliza.

Nekoye alikuwa Mbukusu wa Malakisi. Alikuja na mumewe Wabwile kwenye shamba hilo la mzungu, upande wa Saboti, mwaka mmoja kabla ya vita. Vita vilipoanza Wabwile akachukuliwa jeshini, kama mume wa Nyaguthii, na wanawake wakabaki na pareto. Ati serikali iliitaka sana pareto, itengeneze dawa ya kuulia wadudu kwa ajili ya askari. Waliomjua Nekoye walisema ni mpole, na kweli alikuwa mpole. Alisali asubuhi na jioni, na hakuna aliyemsikia akipandisha sauti hata kwa kuku. Lakini siku ile Nyaguthii aliposimama kwenye mstari na maziwa yakimlowesha kifuani, hasira ilimwingia Nekoye ikakaa, kama mgeni aliyekuja na kitanda chake.

Karibu na shamba la pareto palikuwa na ghala la zamani la kitani. Wazungu walikuwa wamelima kitani zamani, bei ikaanguka, wakaacha. Mabati yaliezuliwa yakauzwa, zikabaki kuta nne za mawe, fupi, zimejaa michongoma na nyoka. Nekoye alimwomba nyapara, Kiplagat, ampeleke kwa mwenye shamba akaombe watoto walazwe humo. Wafanyakazi walimwita mwenye shamba Bwana Miwani. Aliwasikiliza mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, kwa sababu alikuwa akienda Kitale. Akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, mbele ya watu sita, "Ile nyumba takataka. Kama nataka, chukua."

Wakachukua. Jumamosi tatu walifyeka na kufagia. Kisha likaja jambo la paa.

Mabati mapya hayakupatikana, vita viliyala yote. Lakini madebe ya mafuta ya taa yalikuwa kila mahali, yale yaliyotoboka ambayo hata maji hayawezi kubeba. Wanawake waliyaokota nyuma ya maduka ya Kitale, kwenye mashimo ya taka, jikoni kwa wazungu. Waliyabeba vichwani yakilia njia nzima, na watu wa barabarani wakawauliza kama wanapeleka bibi harusi.

Aliyejua kazi ya debe alikuwa mzee Wepukhulu, mdogo wa baba yake Wabwile, mlinzi wa ghala la mahindi, mwenye goti bovu. Sasa huyo kwa Nekoye ni baba mkwe, na mke wa mwana hamkaribii baba mkwe wala hawaongei ana kwa ana wakicheka. Kwa hivyo mzee alikaa juu ya jiwe, amewapa mgongo, akafundisha kupitia kwa Nyaguthii.

"Mwambie mke wa Wabwile apasue debe kwenye mshono, asipasue katikati."

"Amesikia, mzee."

"Mwambie apige na rungu la mti. Akipiga na nyundo litakuwa kama uso wangu."

Nekoye alisimama hatua kumi kutoka pale, akisikia kila neno, na alifanya vilevile. Walifungua madebe, wakayanyoosha juu ya jiwe, wakakunja kingo ili moja likumbatie jingine, maji yasipate njia. Misumari waliing'oa kwenye masanduku ya zamani wakainyoosha. Yale madebe ya dawa ya kuogeshea ng'ombe mzee aliyakataa kabisa. Alisema hiyo ni sumu, na itawashukia watoto na maji ya mvua. Mwisho walipaka oili chafu ya trekta kuzuia kutu, na mikono yao ikawa myeusi hata kanisani.

Hapo ndipo walipokwama. Nani apande? Goti la mzee lilikataa. Wanaume waliobaki shambani walisema hiyo ni kazi ya wanawake, wao hawataki maneno na Bwana Miwani. Na mwanamke hapandi juu ya nyumba. Kwa Wabukusu, mke akipanda paani mumewe angali hai, ni kama amemwitia kifo, na mume huyo yuko vitani, risasi zinamtafuta. Nekoye alikuwa Mkristo, na aliambiwa mara nyingi kwamba hayo ni ya giza. Hata hivyo hakuthubutu. Nyaguthii naye alisema kwao ni hivyohivyo.

Kisha Nekoye akasema, "Kupanda tumekatazwa. Kuinua hatujakatazwa."

Wakalitengeneza paa lote chini kwenye nyasi, vipande sita, kila kipande na fito zake. Wanawake wanane waliingia ndani ya kuta, wakasimama juu ya masanduku na kuinua kipande kwa miti, wengine nje wakivuta kwa kamba. Kipande kikakaa juu ya ukuta, wakakifunga kwa waya kutoka ndani. Hakuna unyayo wa mwanamke uliogusa paa. Mzee Wepukhulu, mgongo ukiwa bado kwao, alicheka hata fimbo ikamwanguka.

Msimu mzima wa mvua watoto kumi na wanne walilala humo, wakiangaliwa na Agneta, bibi mmoja asiyeweza tena kuchuma. Hakuna aliyeugua kichomi.

Sasa sikilizeni mambo ya ulimwengu. Mwaka uliofuata, kabla mvua haijaanza, Bwana Miwani alipita na farasi wake, akasimama, akaangalia. Akaingia. Akagonga paa kwa kiboko chake likalia vizuri. Jioni Kiplagat akaja na habari, macho chini: nyumba hiyo sasa ni ya ndama. Ndama wapya wa bwana ni wa damu ya ng'ambo, hawavumilii mvua. Watoto watolewe kabla ya Jumatatu.

"Si alisema ni takataka?" Nekoye aliuliza.

"Alisema."

"Si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, Mama Sellah. Sasa mimi nifanye nini?"

Mwinjilisti wa shamba, Kang'ethe, mtu mwema, alimfuata akamwomba anyenyekee, akamkumbusha neno la kugeuza shavu la pili. Nekoye alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima. Halafu akajibu kwa ile sauti yake ya chini.

"Mwinjilisti, shavu langu nitamgeuzia, hata yote mawili. Lakini watoto hawa si mashavu yangu."

Jumatatu kengele ilipolia, hakuna mwanamke aliyeshika kikapu. Walikwenda ghalani, mchana kweupe, wakakata waya na kushusha paa kipande baada ya kipande kama walivyolipandisha. Wakaweka vipande vichwani, wanane kwa kipande, wakatoka navyo kimoja baada ya kingine. Ndama walikuwa wameshaletwa. Walibaki ndani ya kuta nne wakitazama mbingu.

Kiplagat alikuja mbio, akasema warudishe, bwana atawafukuza wote.

"Mwambie bwana hatujamwibia," Nekoye akasema. "Takataka yake ni zile kuta, tumemwachia. Paa lilikuwa letu."

Waliliweka juu ya nguzo mpya pale pale walipokuwa wakitandika magunia zamani, ukingoni mwa pareto, wakaning'iniza mikeka kuzuia upepo. Bwana Miwani alifika saa nne. Uso ulikuwa mwekundu, miwani imemshuka puani. Alitazama paa, akatazama wanawake walioketi, akatazama maua yaliyokwisha funguka shamba zima, na mawingu juu ya mlima. Alihesabu moyoni, ilionekana. Kisha akaongea na Kiplagat kwa muda mrefu na kuondoka.

Kiplagat alieleza. Paa libaki, na wachumaji waanze sasa hivi. Lakini mwanamke aliyeanzisha aondoke shambani leo, na mtoto wake.

Wanawake wakaguna. Nyaguthii akasimama akasema basi hakuna anayechuma. Nekoye akamshika mkono, akamketisha.

"Dada, mkikataa atalivunja. Chumeni."

"Na wewe?"

"Mimi nina kwetu."

Alifunga mzigo wake kabla ya saa sita. Hakulia, na hakumuaga mtu yeyote wa nyumba kubwa. Mzee Wepukhulu alisimama njiani, mbali kidogo kama inavyopasa, akavua kofia alipopita.

Mvua ilimkuta Nekoye kabla ya Kiminini. Haikuwa na mawe, lakini ilikuwa nzito, na njia haikuwa na mti wa kumfaa mtu. Alimfunika Sellah kwa leso, kisha kwa kifua chake, akatembea. Alijua kwamba saa ile watoto kumi na watatu walikuwa wamelala pakavu, na kwamba aliyelowa alikuwa wa kwake. Alimwomba Mungu amlinde mtoto, amlinde Wabwile huko aliko, awalinde wale wa pareto. Alipofika mahali pa kumwombea Bwana Miwani, kama alivyofundishwa, alifunga mdomo akaendelea na safari.

Alimwombea siku ya tatu, akiwa Bungoma njiani kwenda kwao, Sellah alipoamka bila homa. Hata hapo aliomba kwa kifupi.