Uji Uliobaki Kikombeni

Nilikuwa na miaka sita mama aliporudi nyumbani Magwagwa kutoka hospitali ya Nairobi, akiwa amemeza dawa yenye mionzi. Tezi ya shingo yake ilikuwa imevimba na kumtetemesha mikono hata kikombe kikamshinda kushika. Madaktari walimpa iodini ya kuichoma tezi hiyo kutoka ndani, kisha wakamwonya: kwa wiki mbili alale peke yake, awe na kikombe chake na sahani yake, na mtoto asimkaribie.

Nyanya, aliyemzaa baba, alisimamia maagizo hayo kwa ukali wa askari jela. Mama aliwekwa chumba cha nyuma. Kina mama wa kanisa walipokuja siku ya Sabato kumwombea, nyanya aliwazuia uani, wakaliimbia dirisha. Walirudi kwao na umbea wa kuwatosha mwezi mzima. Mimi sikuelewa mionzi ni nini. Nilikuwa kitindamimba, nimezoea kulala mgongoni mwa mama na kumalizia uji wake, na sasa nilikuwa nafukuzwa mlangoni. Niliumia sana. Nilidhani hanitaki.

Siku ya tatu nyanya alipeleka majani chai kupimwa uzito kwenye kituo cha kununulia chai. Nikafungua mlango. Mama alikuwa amelala, ameelekea ukutani. Nilikunywa uji wa wimbi uliobaki kikombeni mwake, nikapanda kitandani, nikajibandika mgongoni mwake mpaka nikamsikia nyanya akikohoa njiani. Nilifanya hivyo kila alasiri ya kupima chai. Sikumwambia mtu, na nilijiona mjanja kweli kweli.

Mwaka huu, nikiwa na miaka thelathini na minne, nilipapasa shingo yangu nikakuta kitu kigumu, mfano wa punje ya mahindi. Ilikuwa saratani ya tezi. Madaktari walipokwisha kuikata tezi yote, daktari aliniuliza kama niliwahi kuwa karibu na mionzi utotoni. Nilimsimulia. Alisema tezi ya mtoto hunyonya iodini kwa pupa kuliko ya mtu mzima, ila hakuna awezaye kuapa kwamba ni ule uji. Wengi huugua bila sababu kujulikana. Kisha akanieleza hatua inayofuata: nimeze iodini ile ile, nikae mbali na binti yangu wa miaka mitano.

Mama alikuja kwangu Keroka kumchukua mjukuu wake. Nilikuwa nimeazimia kutomwambia lolote. Amezeeka, na miaka yote hii amejisifu kwa majirani jinsi alivyonikinga na dawa yake. Nilikuwa nakunja nguo za mtoto aliposema, bila kunitazama:

"Wewe ulikuwa unakuja kwangu ile wakati ya dawa."

"Hapana, mama. Nyanya alikuwa amenikataza."

"Usinidanganye. Mimi sikuwa nimelala. Nilikuwa nakusikia ukikunywa uji. Najua ni vibaya, nasema acha leo tu. Hiyo siku ingine pia nasema leo tu. Nilikuwa na hamu ya mtoto wangu." Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Hata huo uji nilikuwa nakuachia."

Nilimkasirikia. Hapo hapo nikamwonea huruma, na mpaka leo hasira na huruma hizo zinakaa pamoja ndani yangu. Nilimfunga mtoto kamba za viatu, nikawasindikiza hadi barabarani.

Kesho yake nilimeza dawa, nikajifungia. Siku ya tatu, alasiri, nilikunywa uji, nikajikuta nimebakisha nusu kikombe. Mtoto alikuwa mbali, Magwagwa. Niliumwaga uji huo, nikakiosha kikombe, kisha nikakiosha tena.