Besi ya Mama Oliva

Agatha, ambaye Lulindi nzima humwita Mama Oliva, anasaga unga kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mashine yake iko ndani ya kibanda cha mabati, kando ya njia iendayo kanisani, na ikishawashwa hakuna mazungumzo tena. Mteja huonyesha kwa vidole tu kama makopa yake, ile mihogo mikavu, yapite mara moja au mara mbili.

Kazi anaipenda. Kilichokuwa kikimsumbua ni kwaya. Mazoezi huanza saa kumi jioni, saa ileile ambayo akina mama wanarudi shamba na kuleta makopa ya kusaga, naye hawezi kuwafungia mlango. Kwa hiyo nyimbo alizipata vipande vipande, ubeti leo, kiitikio wiki ijayo. Mwalimu wa kwaya, Selestini, akaanza kumtumia mazoezi kwa simu. Ayasikilize saa ngapi? Akifunga mashine masikio bado yanavuma, na sauti ya simu nayo ni nyembamba kama ya mbu.

Mwezi wa tisa binti yake Oliva, fundi cherehani Masasi mjini, alikuja kuwasalimu wazazi na kumletea mama yake hedifoni. Zilikuwa nyeusi, hazina waya, za bei ya chini, za kufunika sikio zima. Oliva akamwambia azivae, awashe mashine, kisha abonyeze kitufe cha pembeni.

Agatha akabonyeza. Mngurumo ukashuka, ukazama, ukabaki kama upepo unaopita mbali. Alidhani mota imekufa. Akagusa bomba la unga, likawa linatetemeka vilevile. Cha ajabu zaidi, alimsikia mteja aliyesimama mlangoni akikohoa. Hedifoni hazikufuta kila kitu; ule mlio mzito usiokatika ndio uliozama, lakini kijiwe kikipita kwenye nyundo za kusagia alikisikia, na mtu akisema jambo alimsikia kuliko zamani. Siku hiyo aliongea na wateja bila kupaza sauti, na usiku mumewe akamuuliza kama anaumwa, maana nyumbani pia alikuwa amezoea kupayuka.

Akazizoea. Vumbi la unga lilijaa kwenye mito ya masikio, akawa anaifuta kila jioni kwa kitambaa kikavu. Jua likikaza masikio yalitoka jasho. Akisahau simu kibandani akaenda nyuma ya nyumba kuanua nguo, sauti ilikatikakatika. Lakini chaji ilikaa: akizichaji Jumapili zilimfikisha Alhamisi.

Mwezi wa kumi Selestini akatoa wimbo mpya wa siku ya kipaimara, askofu atakapokuja. Akawarekodi wanawake wakiuimba, besi akaiimba mwenyewe, akautuma kwa simu na kumwandikia Agatha kwamba alto, sauti yake, ni ile inayojibu. Agatha akausikiliza wiki mbili huku akisaga. Sauti inayojibu aliisikia wazi kabisa, nene, imejaa masikio yote mawili, inashuka hatua kwa hatua kama mtu anayeteremka ngazi. Aliona safari hii mwalimu amewapa alto kitu kizuri kweli. Akaishika yote, hata mahali pa kuvuta pumzi.

Jumamosi moja akafunga mapema, akaenda mazoezini. Soprano wakaanza, naye Agatha akajibu kwa nguvu. Alto wenzake wakamgeukia. Gervas, kiongozi wa besi, mtu mwenye mvi zake, akanyamaza katikati ya neno. Selestini akainua mkono, wimbo ukasimama.

"Mama Oliva," akasema kwa upole, "hiyo ni besi."

Watu wakacheka. Agatha uso ulimuwaka. Akajitetea kwamba hiyo ndiyo inayojibu, na ndiyo aliyoisikia. Selestini hakucheka. Aliomba hizo hedifoni, akaziunganisha na simu yake, akasikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akaeleza kwamba nyingi za bei hii huongezewa besi ili muziki wa ngoma uwe mtamu, na kwaya ikipita humo alto inafunikwa. Akamwonyesha kwenye simu mahali penye mistari ya kupandisha na kushusha, akaishusha ya chini na kuipandisha ya katikati. Agatha akazivaa tena. Pale palipokuwa na sauti moja nzito, sasa akawasikia wanawake wanne, na Ethel, jirani yake, akamtambua kwa jinsi anavyovuta mwisho wa kila neno.

Gervas alikuwa bado amesimama.

"Pale kwenye kona, sauti inapogeuka, umepita vizuri, Mama Oliva," akasema. "Sisi pale huwa tunabahatisha."

Ilikuwa kweli. Korosho zilikuwa zinaanguka, wanaume walishinda mashambani wakiziokota, na mazoezini walikuwa wamehudhuria mara mbili tu. Gervas akamwomba aimbe tena, taratibu. Agatha akaiimba besi kwa koo lake la kike, wanaume watano wakimfuata kwa chini. Wakarudia mara tatu. Ya nne wakapita wenyewe.

Baada ya hapo Gervas akawa analeta makopa yake mwenyewe badala ya kumtuma mkewe, na wakisubiri unga upoe wanarudia mstari. Alto yake Agatha aliimaliza kwa siku tano.

Siku ya kipaimara kanisa lilijaa hadi nje. Soprano wakaanza, alto wakajibu, na besi ikaingia nyuma yao bila kuyumba kwenye ile kona. Agatha aliimba sauti yake huku akiifuata ile nyingine moyoni, akijua kila hatua inakokwenda. Ibada ilipokwisha askofu aliomba wimbo urudiwe.

Oliva alikuwa amekuja kwa siku hiyo. Wakiwa wanakula wali nyumbani akamuuliza mama yake kama hedifoni zinafaa, au azirudishe dukani akambadilishie.

"Kwenye besi zinadanganya kidogo," Agatha akasema, "ila nimeshazijulia. Ziache."