Mke Wangu Alitaka Ile ya Dirisha

Siku niliyopigilia misumari dirisha la chumba chetu, mke wangu alisimama na sufuria mkononi, akinitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

Niliendelea kugonga. Nilijua ninachokijua.

Asubuhi ile nilishika simu yake nipige mgodini Omate ninakonunulia madini, kidole kikagusa audio aliyomtumia Merdi, fundi redio wa hapa Ntoto. Sauti ya Kanyere wangu, laini kabisa:

"Kaka Merdi, ile ya dirisha njo nataka. Ile ingine imefungwa sana, haitasikia kitu. Lakini bwana yangu asijue kwanza."

Ndugu zangu, mngeelewaje?

Merdi mwenyewe kijana, mrefu, anachana nywele hata siku ya mvua. Mimi nikitoka Omate nina vumbi hadi masikioni. Wivu ulinipanda, nikaenda kutafuta misumari.

Nilipomaliza misumari, Kanyere alikuwa ameshatoka; nikaenda sokoni kwa Merdi na nyundo yangu.

Nikawakuta wote wawili, vichwa vimeinamia meza moja. Kanyere anacheka! Nyumbani hanichekei hivyo hata kidogo.

"Merdi! Unapitia dirisha gani mu nyumba yangu?"

"Papa Déo, tuliza roho. Dirisha njo hii."

Akanionyesha mirija miwili. Mmoja wa chuma, umezibwa pande zote. Wa pili, ncha yake ina utando mwembamba kama ganda la kitunguu.

"Iko tyubu ya mashine ya kupima mionzi," akasema. "Ya chuma inasikia ile mionzi ya nguvu tu. Hii ya dirisha inasikia hata ya vumbi. Usiiguse, itapasuka!"

Nikashusha nyundo.

"Ile mawe nyeusi ya Omate unaweka chini ya kitanda," Kanyere akanigeukia, "nilikuambia mara ngapi utoe? Unanicheka tu. Basi nilitaka mashine njo ikuambie."

Merdi alikuwa ameshaunganisha nyaya. Akaisogeza kwa Kanyere: tik... tik. Akaisogeza kwenye koti langu.

Ikalia kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Koti hilo ndilo ninalomfunikia mwanangu Déo akisinzia. Nikalivua palepale.

Leo mawe yamehamia kibandani, mbali na nyumba, na dirisha liko wazi. Nikitoka Omate navulia nguo nje, naoga, najifunga kikwembe cha mke wangu.

Na mnajua nani anaingia chumbani kwangu kupima kila Jumamosi? Merdi! Tena anapita mlangoni, Kanyere anamwambia, "Karibu, kaka." Mimi mwenye nyumba nasimama uani na kikwembe changu, nangoja waniruhusu.

Wivu bado upo, sitawadanganya. Unaniuma kila Jumamosi. Ila wanaume wenzangu, ukisikia nusu ya maneno ya mkeo, muulize nusu iliyobaki kabla hujashika nyundo.